Kanda Isiyosomeka Haina Mwenyewe

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipozindua, mwezi Machi 2024, duru ya kwanza ya zabuni za vitalu vya mafuta na gesi asilia, mazungumzo ya mabarazani yamekuwa juu ya jambo moja: je, mafuta yapo au hayapo? Ni suala la haki, na kila mwananchi wa Visiwa hivi anastahiki kuliuliza. Lakini lipo suala jengine linalolitangulia hilo, ambalo halisikiki mabarazani wala halizungumzwi sana maofisini. Nalo ni hili: hizo habari za chini ya bahari yetu, ambazo kwazo tunakodisha, tunapatana au tunakataa, zimeandikwa kwa kanuni gani, na ni nani miongoni mwetu awezaye kuzisoma bila ya kumwomba yule aliyeziandika?

Huenda wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya mafundi. Sivyo. Ni mambo ya mali ya umma, na mali ya umma ni ya kila mtu.

Kwanza tuelewane hizo habari ni kitu gani. Meli ya uchunguzi wa mitetemo huenda polepole kwa mstari ulionyooka, imekokota nyuma yake nyaya zenye urefu wa kilomita kadhaa, na wavuvi hutakiwa waondoe madema na nyavu zao waipishe. Mizinga ya hewa inayokokotwa nyuma ya meli hufyatua hewa iliyobanwa. Mshindo hushuka majini, hupenya matabaka ya miamba, na kila tabaka hurudisha sehemu ya mshindo huo kama mwangwi. Vinasa sauti vilivyomo ndani ya nyaya huupokea mwangwi, na mitambo ya meli huupima, aghalabu kila baada ya milisekunde 2, yaani mara 500 katika sekunde moja.

Tufanye hesabu ndogo. Waya mmoja wa kilomita 6, wenye kipokeo kila baada ya mita 12.5, una njia 480 za kurekodi. Mshindo mmoja ukisikilizwa kwa sekunde 8, kila njia huleta vipimo 4,000, na kila kipimo huchukua baiti 4. Mshindo mmoja basi huzaa baiti zaidi ya milioni 7.6. Meli ikifyatua kila baada ya mita 25, kilomita moja ya bahari huzaa baiti zaidi ya milioni 300, na mstari wa kilomita 100 huzaa baiti zaidi ya bilioni 30. Na hizo zote ni tarakimu tupu. Humo hamna ramani, hamna jina la Pemba wala la Unguja, hamna rangi ya mwamba. Tarakimu hizo zina maana kwa mtu mmoja tu: yule ajuaye zimepangwa vipi, ipi inaanza, ipi inafuata, na kila moja inapima nini.

Wananchi wa Visiwa hivi hawahitaji kufundishwa thamani ya kipimo kinachojulikana na wote. Pishi ni vibaba vinne. Muuzaji anajua, mnunuzi anajua, na mtoto aliyetumwa dukani anajua. Siku mnunuzi atakapokuja na pishi yake mwenyewe, ambayo ujazo wake anaujua yeye peke yake, mkulima hatakuwa anauza tena, atakuwa anapewa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa data za mitetemo. Mwenye bahari asipoijua kanuni ya uandishi, basi pishi ameishika mwengine.

Ulimwengu uliliona tatizo hili mapema. Katika miaka ya 1960, kurekodi kwa tarakimu kulipoanza kuchukua nafasi ya mitambo ya zamani, kampuni ziliandika kanda za sumaku kila moja kwa mtindo wake, na aliyepokea kanda ya mwenzake alilazimika kwanza kuulizia namna ya kuifungua. Jumuiya ya wanajiofizikia wa utafutaji, ijulikanayo kwa herufi SEG, ambayo iliundwa Marekani mwaka 1930, ilianza kutoa kanuni za pamoja. Mwaka 1967 zilitangazwa SEG-A na SEG-B. Mwaka 1972 ikaja SEG-C. Na mwaka 1975 ikatolewa ile ambayo mpaka leo ndiyo lugha ya kubadilishana data za mitetemo duniani, SEG-Y. Kanuni hii ilikusudiwa kanda za inchi nusu zenye njia 9. Ilisahihishwa mwaka 2002, ikaruhusiwa pia katika majalada ya kompyuta, na ikasahihishwa tena mwaka 2017. Meli zinaporekodi baharini aghalabu hutumia ndugu yake, SEG-D. Lakini data zilizokwisha kuchambuliwa, ambazo ndizo hupelekwa mezani kwa majadiliano, hukabidhiwa kwa SEG-Y.

Mpangilio wake si wa ajabu. Kanda huanza na maandishi ya kusomwa na binadamu: mistari 40, kila mstari herufi 80, jumla baiti 3,200. Herufi 80 ni urithi wa kadi za kutobolewa zilizotumika katika kompyuta za zamani. Humo ndimo panapotakiwa kuandikwa ni nani aliyefanya uchunguzi, lini, katika bahari gani, kwa vipimo gani vya ramani, na uchambuzi uliofanywa ni upi. Hufuata baiti 400 za tarakimu zinazoieleza kompyuta vipimo viko kila baada ya muda gani, ni vingapi, na vimeandikwa kwa namna gani. Kisha huja rekodi zenyewe, moja baada ya moja, na kila moja hutanguliwa na kichwa chake cha baiti 240 kinachosema ilirekodiwa wapi. Ni mfano wa mzigo unaosafirishwa kwa jahazi: waraka wa mzigo wote kwanza, kisha kila gunia na lebo yake.

Sasa msomaji anaweza kuuliza: maadamu kanuni ipo na inajulikana, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba kanuni inaweza kufuatwa kwa jina ikaachwa kwa vitendo, na mpokeaji asiyekagua hatajua. Yapo makosa matatu ambayo kila ofisi inayopokea data inapaswa kuyajua.

La kwanza ni la herufi. SEG-Y ya mwaka 1975 iliagiza maandishi ya mwanzo yaandikwe kwa alfabeti ya kompyuta za IBM, iitwayo EBCDIC. Kompyuta nyingi za leo hutumia mpangilio mwengine. Ofisa akifungua jalada bila ya kulijua hilo, ataona takataka za alama, na atadhani ama kanda imeharibika ama hamna kitu. Mwengine ataikuta mistari 40 mitupu kabisa, kwa kuwa aliyeandika aliona uvivu kuijaza. Tofauti kati ya hao wawili ni kubwa, nayo haijulikani mpaka mtu akague.

La pili ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani. Katika baiti ya 3225 na ya 3226 huandikwa namba ya kueleza vipimo vimeandikwa kwa mtindo gani. Namba 1 ni mtindo wa zamani wa IBM. Namba 5 ni mtindo ulioingizwa katika masahihisho ya 2002. Ikiwa data ni za mtindo mmoja na namba inataja mwengine, kompyuta haitakataa. Itatoa picha, na matabaka yataonekana yamelala mahali pake. Lakini nguvu ya kila mwangwi itakuwa imepotoshwa. Na nguvu ya mwangwi ndiyo mojawapo ya dalili ambazo kwazo mtaalamu huikisia gesi ndani ya mwamba. Chuoni tulifundishwa kwamba irabu moja ikigeuzwa, neno hubaki neno lakini maana huwa nyengine. Basi namba moja tu katika baiti mbili hufanya kazi hiyo hiyo.

La tatu ni la mahali. Kanuni ya 1975 haikuweka nafasi maalumu ya kuandika viwianishi, yaani tarakimu za mahali, vya nukta ya kati ya data zilizochambuliwa. Kila mwandishi aliziweka alipopenda. Masahihisho ya 2002 ndiyo yaliyozipa makao katika baiti 181 hadi 188. Kadhalika baiti 71 na 72 zinabeba kigawanyo: ikiwa pameandikwa kutoa 100, viwianishi vyote hugawanywa kwa 100, na asiyekiangalia kigawanyo hicho huitupa bahari ya Pemba mbali kabisa na dunia ya kweli. Hilo angalau hujidhihirisha. Lisilojidhihirisha ni msingi wa ramani. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zilijengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, ilhali vyombo vya setilaiti vya leo hutumia WGS 84. Tarakimu zile zile zikisomwa kwa msingi usio wake, katika latitudo zetu, nukta husogea takriban mita 300. Mita 300 zatosha kukikosesha kisima kilele cha mwamba kilicholengwa. Na kisima kimoja baharini hugharimu makumi ya mamilioni ya dola.

Makosa hayo yote matatu yana dawa moja: kukagua siku ya kupokea, wakati aliyeandika bado yupo na bado anadai malipo yake. Baada ya hapo ni kazi ya kubahatisha.

Tusidhani kuwa haya ni ya nchi za mbali. Historia ya utafutaji katika Visiwa vyetu ni ndefu kuliko wanavyofahamu vijana. BP na Shell zilitafuta mafuta katika pwani hii miaka ya 1950, zikachimba kisima Unguja katika muongo huo na kisima Pemba mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha ziliondoka. Uchunguzi wao wa mitetemo ulifanyika kabla ya zama za tarakimu, katika karatasi na filamu. Data za namna hiyo zinaweza kuhuishwa: karatasi huchorwa upya kwa mashine, mistari ikageuzwa tarakimu, na tarakimu zikaandikwa kwa SEG-Y. Lakini jambo hilo huwezekana pale tu ilipohifadhiwa karatasi pamoja na ramani yake. Karatasi isiyo na ramani ni mwangwi usiojulikana umetoka wapi.

Tangu hapo mambo yamekwenda kwa kasi. Sheria ya mafuta na gesi asilia ya Zanzibar ilipitishwa mwaka 2016, na mwaka 2018 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya RAK Gas kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Ng'ambo ya mkondo, wenzetu wa Tanzania Bara wana uzoefu tangu gesi ilipogunduliwa Songo Songo mwaka 1974. Na kutoka kugundua hadi gesi hiyo kufika Dar es Salaam kuwasha umeme mwaka 2004 ilipita miaka 30. Viongozi wa leo hawana budi kulizingatia fungu hilo la miaka. Data zinazopokewa sasa huenda zikahitajika na watu ambao bado wako skuli za msingi. Zitawafikia zikiwa zinasomeka?

Swali hili linatupeleka kwenye chombo chenyewe. Kanda ya sumaku ni mate ya gundi na vumbi la chuma juu ya utepe wa plastiki. Gundi ya kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu wa hewa, ikalainika na kunata, hata kanda ikizungushwa hubandua maandishi yake yenyewe. Wataalamu hulazimika kuzipasha moto wa polepole kabla ya kuzisoma, mara moja ya mwisho. Nasi tunaishi katika hewa ya chumvi na masika. Tena, hata kanda ikiwa nzima, mashine ya kuisomea huondoka sokoni. Kanda za mviringo zilifuatwa na kaseti za 3480 mwaka 1984, nazo zikafuatwa na nyengine, mpaka kanda za LTO zilizoanza mwaka 2000. Hizo za LTO nazo zina vizazi, na mashine za kizazi cha 8 husoma kanda za kizazi chao na kilichotangulia tu. Anayeifungia kanda kabatini na kutupa ufunguo mfukoni hajahifadhi kitu. Uhifadhi wa data ni kuzinakili tena na tena.

Zipo hoja zinazotolewa dhidi ya juhudi hizi, na ni haki tuzijibu.

Wapo wasemao: kampuni iliyofanya kazi inazo nakala, tukizihitaji itatupa. Nawakumbusha kwamba kampuni ni mfanyabiashara. Huungana, huuzwa na hufilisika. Mwaka 2021 Polarcus, iliyokuwa na meli za uchunguzi wa mitetemo katika bahari nyingi, iliingia katika ufilisi. Mwaka 2024 TGS na PGS, majina mawili makubwa ya kazi hii, ziliungana zikawa moja. Mwenye mali hawezi kuiweka kumbukumbu yake katika kichwa cha mgeni ambaye huenda kesho asiwepo. Na hata akiwepo, mtu anayekusomea barua yako anaijua kabla yako, na huamua akusomee ipi.

Wapo wasemao: data zikiandikwa kwa kanuni inayojulikana na wote zitaibiwa kwa urahisi. Siri hulindwa kwa kufuli, kwa sheria na kwa uaminifu wa watumishi. Hailindwi kwa fujo. Kanda iliyoandikwa ovyo humzuia mwenye mali, lakini haimzuii mwizi aliyeshiriki kuiandika.

Na wapo wasemao: pengine mafuta hayapo, kwa nini tutumie fedha? Kujua kwamba kitu hakipo nako ni elimu yenye thamani. Data nzuri huokoa gharama ya kisima kisicho na kitu. Data hizo hizo huonyesha nyufa za miamba chini ya mkondo wetu na umbo la sakafu ya bahari, mambo ambayo wajenzi wa bandari na wachunguzi wa matetemeko wanayahitaji, yawepo mafuta au yasiwepo.

Kwa hiyo, tunapendekeza mambo matano yafanywe, na tunayaelekeza kwa wenye dhamana bila ya kificho.

Kwanza, kila mkataba wa uchunguzi utaje kwa maandishi kanuni itakayotumika na toleo lake, uorodheshe mambo yanayopaswa kujazwa katika mistari 40 ya mwanzo, na uutaje msingi wa ramani kwa jina. Mistari mitupu ihesabiwe kuwa ni kazi isiyokamilika.

Pili, data zisikubaliwe kwa kuhesabu maboksi. Zisomwe hapa hapa Zanzibar, na watumishi wetu, kwa kompyuta na programu zisizo za mkandarasi. Zichukuliwe rekodi kadhaa bila ya mpango, viwianishi vyake vilinganishwe na kumbukumbu za safari ya meli, na cheti cha kupokelea kitiwe saini baada ya hapo. Malipo ya mwisho yafuate cheti.

Tatu, ziwepo nakala mbili katika majengo mawili yasiyokuwa katika mji mmoja. Unguja na Pemba tunazo zote mbili. Moto au mafuriko hayavuki mkondo.

Nne, kazi ya kunakili upya iwe na kifungu chake katika bajeti ya kila mwaka, kama vile matengenezo ya barabara yanavyokuwa na chake. Norway ilijenga hifadhi yake ya taifa ya data za mafuta, iitwayo Diskos, katika miaka ya 1990, na inaendelea kuigharamia mpaka leo.

Tano, vijana wetu wafundishwe. Kuandika programu ndogo ya kusoma SEG-Y si kazi ya maajabu. Kanuni yake imechapishwa wazi, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuifanya kuwa zoezi la muhula mmoja. Wakiwepo vijana kumi wa aina hiyo, hatutaomba tena kusomewa mali yetu.

Hatuandiki haya kumtuhumu mtu. Wapo watumishi wanaofanya kazi hii kwa moyo na kwa vifaa vichache, nao wanastahiki kupewa nguvu. Lakini sisi makada, ambao hukutana na wananchi na kuwataka wawe na subira, tunajua kuwa subira ina haki yake. Mvuvi wa Makoongwe au wa Nungwi aliyetakiwa kuipisha meli ametoa siku zake za kazi kwa ajili ya tarakimu hizo. Hana njia ya kuzisoma, wala hatudai azisome. Anachodai, na anayo haki ya kudai, ni kwamba walioko maofisini kwa niaba yake waweze kuzisoma.

Mazungumzo ya vitalu yanaendelea. Katika kila meza kutakuwa na pande mbili, na upande mmoja utakuja umeisoma bahari yetu ukurasa kwa ukurasa. Ni wajibu wa upande wetu kuja umesoma vile vile. Basi mkataba ujao wa uchunguzi, kabla haujatiwa saini, ufunguliwe kwenye kifungu cha kukabidhi data, na waulizwe wenye kuutia saini: kanda hii itaandikwa kwa kanuni gani, na nani wetu ataisoma?